Nilivyotembeza Wageni Nikiwa Juu ya Mkokoteni

Wanachama wenzangu, hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika chache. Mnanijua, nitazila zote.

Mimi ndiye mnayeniita Diploma. Siwakatazi, maana niliisomea. Nilienda nchi za Ghuba kulinda mlango wa hoteli, nikasomea utalii baada ya zamu, nikarudi na cheti changu na viatu vya maana. Hakuna aliyenishika mkono. Nikaanza kutembeza wageni kwa miguu hapa Kibera: Makina, Kisumu Ndogo, Gatwekera. Walinipenda. Sauti ya kuongoza ninayo, hilo sifichi.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwongozaji hawapi wageni mgongo. Basi nilikuwa natembea kinyumenyume, mikono hewani, nikieleza. Ndugu zangu, nawaambia, Gatwekera si mahali pa kutembea kinyumenyume. Siku moja baada ya mvua, nikiwa katikati ya maelezo matamu kabisa, nilitumbukia mtaroni. Mguu ukavunjika. Mnacheka? Chekeni. Hata wageni walicheka, mpaka waliposikia nikilia.

Nikahamia kwa dada yangu Kawangware, plasta mpaka kwenye paja. Kazi ya mtu kama mimi ni miguu. Kundi la walimu kutoka ng'ambo lilikuwa limeshapanga kuja, na hao ndio wangenitangaza kwa wenzao. Niliamua kuwaambia wasije, kisha nikipona nirudi Ghuba. Simu zenu sikushika. Niliona aibu.

Ndipo akina mama watatu wa chama hiki wakatembea kutoka huku mpaka Kawangware. Hawakungoja kukaribishwa.

"Diploma! Kumbe umejificha huku kama kuku anayeatamia?" akasema yule anayeuza dagaa wa omena.

"Mama, sina mguu. Nani atawatembeza hao wageni?"

"Mdomo si bado unao? Miguu tunayo sisi. Waambie waje."

Siku yenyewe vijana walinilaza kwenye mkokoteni, juu ya godoro, wakanivuta mbele ya wageni. Njiani watu wakaniita: "Niaje Diploma, leo umekuwa mzigo?" Tulipofika Makina nikafungua mdomo nieleze. Nyanya mmoja, amekaa mlangoni pake, akanipungia mkono ninyamaze. Akawaambia wageni kwamba babu yake alikuwa askari Mnubi wa jeshi la Waingereza, na alipokuja kukaa hapa palikuwa msitu. Akawaonyesha chumba alimozaliwa. Mgeni mmoja akafuta machozi. Mimi pia, lakini nililaumu vumbi.

Kisumu Ndogo, mama wa omena akawaonjesha, akawasimulia jinsi mama yake alivyoshuka kwenye gari moshi na gunia moja, hajui pa kulala. Gatwekera, wenyeji wakawaonyesha mtaro wangu. Sasa nao umeingia kwenye historia.

Walimu wale wakaleta wenzao, na wenzao wengine. Ghuba sikurudi.

Asanteni mliotembea mpaka Kawangware. Asanteni mliovuta na mlioongea. Dada yangu, uliniogesha kama mtoto na hukunung'unika, Mungu akuone. Funzo langu ni dogo: ukianguka, usijifiche mbali na watu waliokuona ukitembea. Hao ndio wanaojua njia zako.

Mguu umepona. Siku hizi natembea nikiangalia mbele, wageni wanaona mgongo wangu, na ni mgongo mzuri. Tukifika mlangoni kwa nyanya, nasimama kando na kunyamaza. Ndiyo, mimi. Njooni Jumamosi mshuhudie.