Bibi Mkasi Ashuka Ndoanoni

Kwa miaka thelathini na mmoja, kila majeruhi aliyenyanyuliwa na helikopta ya kikosi chetu alilala kwenye machela iliyopita mikononi mwa mwanamke mmoja. Ijumaa hii, tarehe 30, mwanamke huyo anastaafu. Kwenye karatasi za ofisi yeye ni Fundi Mkuu wa Vifaa vya Uokoaji. Sisi wengine tunamwita Bibi Mkasi, tena tulidhani hajui. Naandika haya kwa niaba ya mama yangu, mwendesha winchi, ile mashine ya kuvuta kamba ya kunyanyulia watu, ambaye anakiri kuwa ripoti zake husomeka kama orodha ya sokoni.

Alianza na cherehani moja kwenye kona ya karakana, akitia viraka viti vya helikopta. Jina alilipata mwezi wa kwanza tu. Mshipi wowote wa usalama uliochanika hata uzi mmoja aliukata vipande viwili papo hapo, mwenye mshipi akiwa bado anajitetea. Rubani mmoja alikuja kulalamika kwamba mshipi wake ulikuwa karibu mpya. Aliondoka na vipande viwili karibu vipya.

Sheria yake ilikuwa moja: aliyeshona ndiye anayepanda kwanza. Kila machela aliyoitengeneza, alijifunga ndani yake, akaning'inia kwenye ndoano ya winchi ya karakana, akavutwa hadi darini, ndipo akatia sahihi kadi ya ukaguzi ya machela hiyo. Siku moja alizunguka kama pia hadi kifungua kinywa kikarudi kilikotoka. Wiki iliyofuata alibuni kamba ya pembeni ya kuizuia machela isizunguke, yenye kiungo chembamba kinachokatika ikinasa kwenye mti, helikopta isije ikavutwa. Tunaitumia hadi leo.

Mkurugenzi wetu wa zamani aliwahi kusema kwamba machela inatosha kukaguliwa kwa macho. Bibi Mkasi alimwomba, kwa heshima zote, alale kwenye mojawapo. Alimfunga vizuri, akamnyanyua nusu mita juu ya godoro, kisha akakumbuka kuwa birika liko jikoni. Alikunywa chai ile taratibu. Mkurugenzi aliposhuka, aliidhinisha mishipi mipya bila kusoma fomu.

Mwaka huu sheria yake ya kupanda kwanza ilimgeukia. Mrithi wake, fundi aliyeshona mahema kwa miaka kumi, ana mshono ulionyooka kuliko wake, na ni Bibi mwenyewe aliyekiri. Tatizo ni kwamba fundi huyo, baba wa watoto watatu, anaogopa hata ngazi ya kubadilishia taa. Bila kupanda, hapati sahihi. Bila sahihi, hapati kazi. Kwa miezi mitatu alileta visingizio: mgongo, mafua, msiba wa jirani asiyemfahamu vizuri. Uongozi ulipopendekeza mtu mwingine ampandie, Bibi Mkasi alijibu kuwa dawa hainywewi kwa niaba.

Jumatatu iliyopita, machela aliyoishona fundi ilikuwa tayari. Bibi Mkasi alivua viatu, akalala ndani yake na kumwambia mama avute. Fundi aliing'ang'ania kwa mikono miwili. Alisema bado haijapimwa. Bibi akamuuliza, kwani ameishona vibaya? Fundi akasema hapana. Sasa anaogopa nini? Fundi akaiachia machela. Kisha akamsaidia Bibi kutoka, akaingia mwenyewe, akafumba macho.

Mama alimpandisha hadi darini, akamshusha. Alipogusa godoro aliuliza, macho yakiwa bado yamefumbwa, wataanza kuvuta saa ngapi. Bibi Mkasi alitandaza kadi juu ya kifua cha fundi, akatia sahihi yake ya mwisho.

Bibi, ahsante kwa niaba ya watu zaidi ya mia sita waliorudi kwao bila kulijua jina lako. Ulimwachia fundi mkasi wako kwenye droo, na jana aliukata mshipi wa rubani vipande viwili, mwenye mshipi akiwa bado anajitetea. Kwa hiyo pumzika bila wasiwasi. Tunakuombea siku nyingi, magoti yasiyouma, na chai ya kunywa taratibu pasipo mtu anayening'inia akikungoja.