Kijiko Kilicholika Mdomo

Sogeeni wanangu, na huo mlango ufungeni, maana ninayotaka kusema yananitia aibu na sitaki majirani wayasikie kabla yenu. Jana dada yenu mkubwa alipima dawa yangu kwa kijiko chake cha chai, akaimimina kwenye hiki changu cha aluminiamu, kwa kuwa mnajua sikubali kulishwa kwa kingine, na dawa ikafurika ikanimwagikia kifuani. Mkacheka. Mimi sikucheka. Kijiko hiki nimekwangulia sufuria tangu niolewe, mpaka mdomo wake umelika, na sikuwahi kufikiri kwamba kinapungua ujazo.

Wewe mwanangu wa kwanza, ulipofungua duka lako la mikate nilikwambia chumvi vijiko vitatu, ukatia vitatu vizima, vya dukani. Mkate ukawa chumvi tupu, tena haukuumuka. Wateja wakakukimbia, nami kwa mdomo wangu huu usio na breki nikakuita Bi Bahari mbele ya watu, jina likakuganda, ukafunga duka. Mdogo wako akatumia kijiko changu, akapatia, nikamsifu na wewe umesimama pale pale. Uliniuliza, “Mama, una hakika ni vitatu?” nikakufokea kwamba nilianza kupima kabla hujazaliwa. Loo, mwanangu! Naona haya hata kukutazama.

Sasa shikeni neno langu. Vitatu vyangu ni viwili vyako, tena uvipige mfuto, usiache kilima juu. Nyumba ni yenu wote. Tanuri na trei ni vya dada yenu mkubwa, na wewe kitinda mimba usininunie, utafanya kazi chini yake na akufundishe kupima upya. Kijiko hiki kitoboeni, kisipime tena kitu chochote.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Mungu aibariki mikono yenu, awape kuvumiliana. Watakaokuja kunizika, mwanangu wa kwanza, walishe mkate wako. Wakiuliza nani kaoka, mdogo wako awajibu kwa sauti, ataje jina alilokupa baba yako, lile la Bi Bahari nizikwe nalo mimi.

Na leo... washa tanuri. Nioke... niokee kidogo tu. Nikishindwa kumeza, niwekee hapa karibu, ninuse.