Jedidah Nyawira na Chai Aliyoikataa

Familia imekubaliana kwamba wasifu huu usitiwe chumvi. Marehemu hakuvumilia sifa isiyo ya kweli, iwe ya mtu mwingine au yake mwenyewe, na tuliomfahamu tunajua kwamba tungeongeza hata neno moja, angetafuta njia ya kutusahihisha mbele yenu nyote.

Jedidah Nyawira Muturi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Rumuruti, Laikipia, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Zephaniah Kariithi na Mama Tabitha Wangechi, ambao wote wametangulia. Mzee Zephaniah alikuwa msimamizi wa ng'ombe katika shamba la mzungu, na redio yake ilikuwa ya pekee katika kambi nzima ya wafanyakazi. Kila Jumapili baada ya ibada redio hiyo ilipiga nyimbo za kantri, na baba akamfasiria mtoto kwamba zinahusu mvua, farasi, ng'ombe na mtu aliyeachwa. Siku moja Jedidah akauliza kama yule anayelia ameshampata ng'ombe wake. Mzee Zephaniah, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya dawa za kupe, alimjibu bila kusita kwamba ng'ombe amepatikana, kilichobaki ni mke.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, kisha akajiunga na shule ya upili ya bweni huko Nyahururu kuanzia 1972 hadi 1975. Huko alijitengenezea gitaa kwa mkebe wa mafuta ya kupikia na nyaya za breki za baiskeli. Mwalimu mkuu alimnyang'anya gitaa hilo muhula wa kwanza na akamrudishia muhula wa pili, kwa sharti kwamba apige siku ya wazazi. Mwaka 1976 aliingia chuo cha uuguzi Nakuru na kuhitimu mwaka 1979. Alikuwa na kazi ya mikono yake muda mrefu kabla hajapigiwa makofi, na vijana waliopo hapa leo wangefanya vyema kulitafakari jambo hilo.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa takatifu na Bwana Harrison Muturi, fundi umeme, katika kanisa la Nyahururu. Walijaliwa watoto wawili, Naftali na Njeri. Jedidah alikuja London Septemba 1992 kufanya kazi ya uuguzi, Harrison na Naftali wakamfuata mwaka uliofuata, na Njeri akazaliwa hapa mwaka 1994. Nyumba yao ya Thamesmead haikufungwa kwa mgeni. Alihudumu katika wodi ya wazee kwa miaka ishirini na mitano, hadi alipostaafu mwaka 2017. Hakuwahi kuchelewa zamu, wala hakupenda kusikia visingizio vya waliochelewa.

Kuimba aliendelea nako kanisani Woolwich na katika harambee zetu, akiwa na gitaa la kweli sasa, na kofia pana ambayo mchungaji alimwomba aivue wakati wa sala tu. Nyimbo zake zilikuwa za kantri kwa mdundo na za Kiswahili kwa maneno. Katika harambee moja ya mwaka 2006 alisikiwa na Bwana Vinod, mfamasia wa Stanmore aliyezaliwa Nakuru na aliyejenga studio nyuma ya nyumba yake. Bwana Vinod alimwambia ni dhambi kuziacha nyimbo hizo zife kwenye kumbi za kukodi. Ikawa kila siku ya mapumziko Jedidah anavuka jiji zima kwenda Stanmore, na Bi Kokila, mke wa Vinod, anamngojea na sufuria ya chai ya tangawizi.

Walikosana kwa jambo moja tu. Bwana Vinod alishikilia kwamba hakuna wimbo wa kantri usio na pombe.

"Dada Jedidah, mtu ameachwa na mpenzi wake. Mpe hata bia moja. Nani ataamini analia na kikombe cha chai?"

"Kwetu aliyeachwa hapewi bia, Bwana Vinod. Anapikiwa chai. Na wewe ni mtu wa Nakuru, unajua."

Bi Kokila alicheka huko jikoni, na mjadala ukaishia hapo. Nyimbo zote za albamu waliyorekodi zina chai, maziwa, mvua na ng'ombe, na hakuna tone la pombe ndani yake. Ilitoka Mei 2007 kwa jina la wimbo wake wa kwanza, *Chai Yako Sitaki*.

Hapa inabidi tueleze asili ya wimbo huo, maana ndiyo iliyoleta shida. Wakati fulani Jedidah na mumewe walikosana kwa sababu Harrison alisahau kumpokea mama mkwe wake uwanja wa ndege, na Mama Tabitha akakaa juu ya sanduku lake muda mrefu akiimba tenzi ili asilie. Jioni hiyo Harrison alitaka kuomba msamaha. Akachemsha maji kwenye birika la umeme, akatumbukiza kifuko cha majani kikombeni, akamimina maziwa baridi juu yake, akampelekea mkewe. Jedidah alitazama kile kifuko kinavyoelea. Akamwambia kwamba alimleta nchi hii fundi umeme wa Nyahururu, sasa haelewi Mwingereza huyu ameingiaje nyumbani. Kisha akachukua gitaa. Kiitikio mnakijua:

*Chai yako sitaki, rudi nayo,*
*haikuona moto, haina moyo.*

Kule nyumbani Kenya redio ziliupiga wimbo huo asubuhi hadi jioni, ila watu waliusikia kwa sikio lingine. Anayeombwa chai na ofisa, kwetu, haombwi majani na maziwa. Waendesha lori wakaanza kuwaimbia askari wa barabarani. Karani mmoja wa ardhi, tulisimuliwa, aliomba uhamisho kwa sababu foleni nzima ilikuwa ikimpigia mluzi wa kiitikio. Waliohubiri makanisani wakamtaja Jedidah kama mwanamke shujaa aliyekemea rushwa akiwa ughaibuni. Albamu ikaisha madukani Nairobi, Nakuru na hapa Woolwich, ikachapishwa tena, na Bwana Vinod akaitia vibandiko vyekundu vilivyoandikwa "Sauti Dhidi ya Rushwa." Mwisho chama kimoja cha wapinga rushwa kikamwalika Nairobi, Desemba 2008, akapokee tuzo.

Watu wengi wangefunga begi kwa furaha. Jedidah alikosa raha. Alimwambia mumewe kwamba hajawahi kumkemea mla rushwa yeyote, kwamba sifa hiyo ni ya watu waliofukuzwa kazi kwa kukataa, na kwamba yeye alikataa kikombe kimoja tu, cha kifuko. Lakini kusema kweli kulikuwa na gharama. Bwana Vinod alimwonya kwamba atachekwa, na albamu itageuka mzaha. Kubwa zaidi kwake, mumewe angeanikwa mbele ya taifa. Hilo ndilo lililomzuia. Akamuuliza Harrison afanye nini, na jibu lake limehifadhiwa katika familia hii.

"Mama Naftali, sema tu. Thamesmead nzima inaijua chai yangu. Kenya nayo ijue."

Jedidah alisimama katika ukumbi uliojaa wakubwa, na kofia yake kichwani, akashukuru kwa heshima, kisha akasema, "Nisameheni. Wimbo huu hauhusu rushwa. Unamhusu mume wangu, huyu aliyeketi hapa mbele, aliyeniletea chai ya kifuko." Akaongeza, "Ile nyingine pia sijawahi kuipokea. Lakini wapo walioikataa wakapoteza kazi. Tuzo hii mpeni mmoja wao." Akaiacha juu ya meza, akarudi kuketi. Aliyeanza kucheka alikuwa Harrison, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Tuzo alipewa muuguzi wa zahanati ya mashambani aliyefukuzwa kwa kukataa kuuza dawa za serikali, na Jedidah ndiye aliyemvisha shada.

Albamu haikuanguka. Watu waliendelea kuinunua, na wimbo ukawa na kazi mbili, barabarani na majumbani. Bwana Vinod alikaa Stanmore na kisu kidogo akibandua vibandiko vyake kimoja kimoja, huku Bi Kokila akimkumbusha kwamba tangu waoane alikuwa akingoja wimbo wa kuwafundisha wanaume kuchemsha chai. Tunalisema hili bila kuona haya: palikuwa na jina kubwa mezani, la bure, na dada yetu hakulichukua kwa kuwa halikuwa lake. Anayetaka kumkumbuka aanzie hapo.

Juni 2018 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Aliipokea habari hiyo kama muuguzi, akawaeleza madaktari kwa upole mahali ambapo hati yao haisomeki. Familia inawashukuru wauguzi waliomtunza, kanisa la Woolwich, na majirani wa Thamesmead. Chakula kilipomshinda, Harrison alianza kumpikia chai ya sufuria kila asubuhi: maziwa, tangawizi, majani yaliyochemka hadi rangi ikakubali. Tangu Nairobi alikuwa akijifunza, na kwa miaka kumi na moja mkewe aliionja chai hiyo, akamsahihisha, asimsifu hata mara moja, kwa sababu haikuwa imefika. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2020, Njeri, ambaye hutujibu sote kwa Kiingereza, alikuwa amemshikia mama yake kikombe. Jedidah alikunywa kidogo, akafumba macho, akanywa tena. Akamtazama mumewe aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Naftali," akasema, "hii naitaka."

Aliaga dunia mchana wa siku hiyo, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, Harrison Muturi; watoto wawili, Naftali na mkewe Placida, na Njeri; wajukuu watatu; dada mmoja na kaka wawili; marafiki wa Stanmore, Vinod na Kokila; na wapwa na binamu wengi, hapa na Laikipia. Baada ya kutoka kaburini tutakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Mfiwa mwenyewe ameamka mapema na sufuria ziko motoni. Tafadhali mtu yeyote asije na vifuko.

Mungu aliyempa sauti na ulimi wa kweli ampokee, na dada yetu Nyawira apumzike katika amani yake.