Samli Niliyomtilia Baba Yenu

Sikilizeni, wanangu, na msinishike mkono, mnanitoa jasho. Fungueni dirisha, kisha mkae. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, asiiuze mmoja bila wenzake, na cherehani apewe kitindamimba. Hayo yamekwisha. Linalonikosesha raha ni lingine.

Mnakumbuka daktari alipompima baba yenu damu, akakuta lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, imepanda na mishipa ya moyo inaanza kuziba, akatuambia tupunguze nyama ya mafuta, samli na vya kukaanga, tule maharage, mboga, samaki na matunda. Shangazi yenu akahamia hapa, akabandika karatasi ya daktari ukutani jikoni, akashika mwiko yeye. Baada ya miezi mitatu lehemu ikashuka. Lakini baba yenu, dereva wa lori, mtu mzima, alikuwa akiikodolea macho sahani yake kama mtoto aliyenyimwa, akaninong'oneza, "Mama watoto, mtaniua kabla ya huo ugonjwa." Nikamwonea huruma. Shangazi yenu akigeuka tu, natia samli kwenye maharage ya mume wangu, vijiko viwili, vitatu, mwaka mzima. Naye ananikonyeza. Tulicheka, wanangu, tulicheka kama wachumba.

Alipoanguka kule gereji akafa, shangazi yenu aliingia jikoni, akanusa sufuria, akaniuliza mbele ya watu, "Wifi, ulikuwa unamtilia nini kaka yangu?" Nikaapa sikutia kitu. Nikamwita mwongo, nikamfukuza, na ninyi nikawakataza hata kumwamkia. Miaka tisa.

Nigeuzeni. Hapana, upande ule. Daktari ameniambia samli yangu siyo sababu pekee, kulikuwa na sigara, kukaa kwenye usukani kutwa, na ukoo wenyewe una maradhi hayo, ila ilichangia. Kwa hiyo nendeni mkapimwe, hata wewe mwembamba unayejidai, maana wembamba hauonyeshi kilichomo kwenye mishipa. Na daktari akikwambia usile kitu fulani, mwenzako asikufichie hicho kwenye sahani.

Ngojeni... pumzi. Mungu awalinde, awape watoto wakweli kuliko mama yenu. Wewe mkubwa, najua unampigia shangazi yako kwa siri. Sikukasirika. Mpigie. Sasa hivi, si kesho. Inaita? Niwekee sikioni.

Wifi? Usikate... Ni mimi. Nilitia.