Eliudi Mbwambo na Kituo cha Landover

Eliudi Elisante Mbwambo alizaliwa Same, mkoani Kilimanjaro, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Elisante na Mama Vumilia. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alikuja duniani bila haraka yoyote: mkunga alifika, akanywa chai, akasubiri mpaka akasinzia. Tabia hiyo haikumtoka Eliudi maisha yake yote, na wengi mliopo hapa ni mashahidi.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Same, kisha akasomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1987. Mwaka 1991 alikuja Washington kwa shahada ya pili. Aliishi mtaa wa Shaw, enzi zile ambazo mwanafunzi bado aliweza kumudu kodi ya chumba Shaw.

Mwaka 1995 aliajiriwa na kampuni ya kupanga usafiri huko Herndon, nje ya Washington, akabaki nayo mpaka alipostaafu. Miaka yake ya mwisho kazini aliitumia kwenye mpango wa treni ya abiria ya mwendo kasi, ya kuunganisha Richmond, Washington, Baltimore na Philadelphia. Yeye na wenzake walitakiwa kupendekeza reli ipite wapi na treni isimame wapi, kwa sababu treni ikisimama kila mtaa haiitwi tena ya mwendo kasi.

Ratiba yake ya kwanza inachekesha ofisini hadi leo. Mkuu wake, Bwana Wayne, aliona treni imesimama muda mrefu mno katika kila kituo, akamwita kumuuliza kama injini zina hitilafu. Eliudi alimjibu kwa utulivu kwamba huo ni muda wa watu kuagana. Akamweleza kuwa kwao mgeni haachwi mlangoni. Anasindikizwa, anasimamishwa tena njiani, na salamu za shangazi zinatumwa upya. Bwana Wayne alicheka mpaka akavua miwani, akaiacha ratiba ilivyo kwa muda.

Tarehe 12 Agosti 2000 Eliudi alifunga ndoa na Chepkirui, muuguzi kutoka Kericho. Waliweka makazi yao Landover, kitongoji cha Washington, na Mungu akawajalia Bilha na Kipngetich. Kila baada ya sherehe Chepkirui alikaa garini na watoto waliolala, huku mumewe akiwa bado anawaaga wenyeji. Alizoea kumwambia, "Wewe una-design train ya kukimbia, na kutoka kwa mlango wa watu imekushinda."

Mwaka 2022 iliamuliwa kwamba muda wa safari upunguzwe, na Eliudi akaondoa kituo cha Landover, kilichokuwemo kwenye mpango, kwa mkono wake mwenyewe. Jioni alilitaja jambo hilo mezani kama habari za kazi tu. Chepkirui alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu Baltimore, anakokwenda kila siku pamoja na wakazi wengi wa Landover, wauguzi na walezi wa wazee, kwa kubadilisha usafiri mara mbili. Aliweka kijiko chini.

"Kwa hivyo hiyo train itatupita hapa ikienda kule tunafanya kazi? Eliudi, umetutoa kwa map?"

Watoto wanakumbuka kwamba usiku ule aliosha vyombo bila kuombwa. Kesho yake alirudi kwenye ratiba, akapunguza muda wa kuagana katika vituo vyote vingine, na nafasi aliyoipata akairudishia Landover. Ilimuuma, na alisema hivyo waziwazi. Bodi ya mpango ilipokea pendekezo lake, ikaahidi kulitafakari, ikatafakari kweli kweli.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akastaafu. Alitibiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, akiwatania wauguzi na kuwaombea madaktari. Kilichomsumbua kuliko maumivu ni kuondoka bila kujua bodi imesema nini. Tarehe 6 Mei 2025 Bwana Wayne hakupiga simu. Alikuja mwenyewe nyumbani na kusema kwamba njia imepitishwa, na Landover imo. Eliudi aliushika mkono wa mkewe, akacheka kicheko chake kile cha kujaza nyumba.

"Umerudi kwenye ramani, Mama Bilha," akasema.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Mei 2025, akiwa amezungukwa na familia yake. Tunalia, lakini tunashukuru, maana furaha aliyotuachia ni kubwa.

Ameacha mjane, Chepkirui. Watoto wawili, Bilha na Kipngetich. Dada yake Flaviana na kaka yake Ezekiel, walioko Same. Na kituo kimoja cha reli ambacho bado hakijajengwa.

Eliudi wetu, pumzika kwa amani.