Jina Ndani ya Kola

Mheshimiwa Mwenyekiti wa ligi yetu, Bwana Wouter. Maman Euphrasie, mwenye siku hii. Makocha wenzangu wa kanda zote. Papa na maman mliotukabidhi watoto wenu. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi vijana mliomaliza sambusa kabla ya hotuba: hamjambo?

Mimi ni Josias, mtafuta vipaji wa kanda ya Saint-Josse. Kwa wageni niseme kwa kifupi. Mchezo wetu umetoka Australia: mpira wa umbo la yai, unapigwa teke, unadakwa hewani, na goli lina milingoti minne bila wavu. Hapa Brussels tumeigawa mitaa katika kanda, na kila kanda inatafuta na kulea vijana wake. Sheria ni moja: kijana ni wa kanda anakolala siku za shule. Na desturi ni moja: jina la aliyemwona kwanza hushonwa ndani ya kola ya jezi yake.

Leo tunamuaga maman Euphrasie wa kanda ya Forest, anayehamia Namur kwa wajukuu. Kwa miaka kumi na moja, asubuhi amehudumia wazee majumbani, na mchana amepita uwanja hadi uwanja akitazama miguu ya watoto. Je, kombe amewahi kulishika? Hapana. Na tangu kiwanda cha magari cha Forest kifungwe na familia kadhaa zihame, maneno yamekuwa mengi. Bwana Mwenyekiti, wewe mwenyewe mwezi uliopita ulisema Forest haitoi wachezaji wa timu ya taifa, heri iunganishwe na Saint-Josse. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikanyamaza. Bon, leo sinyamazi.

Mnamjua Graciella, aliyechaguliwa juzi timu ya taifa ya wasichana. Ndani ya kola yake pameandikwa Josias. Mmenipongeza, mmenipa mikono, nami nimecheka hadi jino la mwisho. Ndugu zangu, si mimi niliyemwona.

Aliyemwona ni maman Euphrasie, akitoka kumwogesha mzee mmoja kule Forest. Bibi yake Graciella alikuwa dirishani ghorofa ya tatu, akatupa funguo ndani ya soksi, kama tunavyofanya wote tusiotaka kushuka ngazi. Upepo ukaipeleka soksi pembeni. Graciella, miaka kumi na miwili, begi la shule mgongoni, akaruka mbele ya gari lililoegeshwa na kuidaka kwa mkono mmoja. Maman akasahau hata basi lake.

Kisha nikaja mimi. Baba yake Graciella ni jirani yangu Saint-Josse, donc, basi, kwenye fomu ya usajili nikaandika anwani ya baba, huku nikijua vizuri kwamba mtoto analala kwa mama yake, Forest. Maman Euphrasie akanifuata uwanjani na karatasi ya shule mkononi, yenye anwani ya mama. Nikajiandaa kutukanwa mbele ya watu. Akatazama ukingoni mwa uwanja, akamwona yule baba amepiga magoti akimfunga binti yake kamba za viatu. Akaikunja karatasi.

“Papa Josias,” akaniambia, “umeiba, na unajua. Lakini ule mutoto anaonaka baba yake mercredi tu, siku ya mazoezi, hapa kwako. Umubakishe.”

Miaka mitatu mfululizo tumechukua kombe, kila fainali dhidi ya Forest, kwa mateke ya mtoto aliyeonwa na maman Euphrasie. Na kila mara alikuja kunipa mkono. Je, kuna hata mmoja wenu aliyemsikia akilalamika? Mimi naona haya, ndugu zangu. Naona haya sana, na mama huyu nampenda kama dada.

Bwana Mwenyekiti, Forest inatoa wachezaji. Mimi ndiye niliyemchukua Graciella. Naomba kanda yake ibaki, ipewe kocha mpya, na isiguswe. Kombe nimelileta liwe la Forest, liko pale kando ya sahani tupu za sambusa. Vijana wangu watanuna wiki moja, halafu watakula.

Maman, nisamehe.

Nawashukuru nyote, asanteni kwa kunisikiliza, mimi mzee niliyechelewa kusema kweli. Jana nilifumua uzi wa jina langu na kushona upya kwa mikono yangu, na mshono umepinda, mtauona. Graciella, mwanangu, simama. Geuza kola, uwasomee.