Mzee Sumaku na Ufa Chini ya Mchanga

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mdogo wa marehemu, nimekabidhiwa karatasi hii niisome bila kutia chumvi, nikiteleza mtanisamehe.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Sumaku, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi reli na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, sekondari hadi 1971, na mwaka 1975 akahitimu chuo kikuu katika elimu ya miamba, mawe yale yale ambayo mama alichoka kuyatoa mifukoni mwake kila siku ya kufua.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa na idara ya ramani za miamba, akalizunguka jangwa miaka thelathini na tano, akilinganisha picha za setilaiti na vipimo vya sumaku alivyovichukua kwa miguu, ili ajue mwamba uliofunikwa na mchanga umepasuka wapi na maji yamejificha wapi, na kwa kuwa chuma hudanganya kipimo, kila asubuhi alivua saa, mkanda, funguo, hata pete ya ndoa, ambayo ni dhahabu na haina kosa lolote, jambo ambalo wifi yangu, aliyefunga naye ndoa tarehe 18 Desemba 1979 na kumzalia watoto watatu, hakulimeza hata siku moja.

Alistaafu mwaka 2011. Mwezi Juni 2022 wifi aliangusha sindano, akapitisha sumaku sakafuni kuitafuta, sumaku ikaruka ikanasa kwenye pua ya viatu vya kaka, vya mtumba, alivyovaa alipotembea na kipimo kwenye mstari wa magharibi wa jangwa mwaka 1998, kumbe ndani ya ngozi mlikuwa na chuma, na kwa ramani iliyotokana na mstari huo mji mzima ulikuwa unajiandaa kuchimba visima. Hakuficha, siku hiyo hiyo aliandika barua idarani akakiri, kisha akakosa usingizi, akakonda, tukadhani ni aibu tu, kumbe alikuwa anaumwa ini pia, akalazwa tarehe 4 Agosti.

Idara ilimtuma mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mkuu wa vipimo, akaupita mstari ule upya, kilomita kumi na mbili, kwa kandambili, na tarehe 21 Agosti akaja kitandani na karatasi, kwamba ufa upo pale pale, umesogea hatua kumi na moja tu, na visima vichimbwe. Jamani, kaka alicheka hadi muuguzi akaja kuuliza kulikoni, akamaliza chakula chote, akasema sasa kifo kikija kitamkuta ameshatua mzigo, akatuachia sharti moja. Alifariki tarehe 24 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, uso umetulia, nami sioni haya kusema kwamba nililia huku nikishukuru.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, wenzake wa idarani, na seremala, aliyenung'unika weee lakini akakubali kulifunga jeneza kwa vijiti vya mbao badala ya misumari, maana sharti lenyewe ndilo hilo, asizikwe na chuma, asije akampotosha mtu atakayepita juu yake na kipimo.

Kaka, tumekukagua mara mbili, huna chuma hata chembe, na pete amekuvisha wifi mwenyewe, kwa kuwa dhahabu haina kosa. Pumzika kwa amani.